Kinyozi wa Jaruba la Pembeni

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na tatu. Najua mtacheka. Dada yangu alicheka mpaka akashika ukuta, akaniuliza kama magoti nayo yameanza kuniuma. Lakini sina neno jingine. Niliacha kazi niliyoipenda kwa sababu mwili ulikataa, nikaagwa kwa soda na keki, nikapewa saa ya ukutani na picha ya pamoja ambayo ndani yake nimefumba macho. Kama huko si kustaafu, basi sijui wazee wetu walikuwa wanafanya nini.

Sasa nakaa Geita, kwenye duka la dada la vifaa vya shule, nyuma ya stendi. Nauza kalamu na kutoa fotokopi. Wanunuzi wa dhahabu huja na vitambulisho vyao, nami naviweka kwenye kioo cha mashine sawasawa, pembe kwa pembe, nikivisogeza na kuvisogeza tena mpaka mtu anauliza kama kuna tatizo. Hakuna tatizo. Ni mimi tu. Jirani akitoa ungo apepete mchele nafunga dirisha, kisha nasimama nyuma ya kioo nikitazama pumba zinavyopaa. Daktari alisema nikae mbali na vumbi la mpunga. Hakusema lolote kuhusu kulitazama.

Ninyi mlioingia kituo cha utafiti wa mbegu baada yangu mliniomba niwaandikie mambo ya kazi. Ukurasa huu nimeuanza mara nyingi, na kila nilipokosea herufi nimechana karatasi. Leo nimejizuia. Nimesikia kuwa mnafikiria kulisafisha jaruba la pembeni, lile shamba dogo la matuta karibu na kalavati, barabara ya Segese, mlipande mbegu moja kama mengine. Nawaelewa. Mpunga wake hauna adabu: huu mrefu, huu mfupi, huu una ndevu, huu hauna, huu unachanua wakati mwenzake bado anafikiria. Ila mbegu ile ni ya Mama Minza, na kuna wakati haikuwepo mahali pengine popote ila pale. Kabla hamjaingiza mkono, nisomeni.

Nilifika kituoni nikiwa nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo hayatatusaidia hapa. Nilichukuliwa kama kibarua wa msimu, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kung'oa wageni. Mnaijua. Katika shamba la mbegu, mmea usiofanana na wenzake ni mgeni. Unatembea mstari kwa mstari, ukimwona unamng'oa na mizizi yake, unamtupa nje ya tuta. Wenzangu walilalamikia jua na matope. Mimi nilijisikia nimefika nyumbani. Tangu utotoni kitu kisicholingana hunikosesha raha. Kandambili zikiwa zimekaa upande mmoja mbele mwingine nyuma, siwezi kusinzia mpaka niamke nizipange. Na hapa watu wazima walikuwa wananiambia ng'oa kila kisicholingana, na tutakusifu. Tulipomaliza, jaruba langu lilikuwa kama kichwa kilichotoka kunyolewa. Wanawake waliokuwa wakipalilia jaruba jirani, lililochelewa kupandikizwa, wakasimama kulitazama. Mmoja akasema, "Huyu si kibarua, huyu ni kinyozi." Jina likanishika mpaka leo.

Aliyesema ni Mama Minza. Mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mbuga bila kutumia simu. Shamba lake lilipakana na la kituo, na msimu wa palizi alikuja na kikundi chake kufanya vibarua kwetu.

"Kinyozi," aliniambia siku ile, "ukija kwangu usije na huo mkono."

"Shikamoo, Mama Minza."

"Marahaba. Mkono nimesema."

Aliyenitoa kwenye kung'oa akaniingiza kwenye kuuliza ni Dokta Kabula. Mzaliwa wa Bukombe, binti wa katekista, alisoma mbali akarudi na gari lililojaa maboksi na mabuti ya mpira. Alikuwa anasoma kinga ya mimea. Mimi sikujua kwamba mimea ina kinga. Nilidhani ina bahati. Aliona napenda kuinama kwenye majani, akanipa kioo cha kukuzia, kile chenye kamba, akasema nikipoteza nitalia mimi si yeye. Nilikivaa shingoni hata kanisani. Usiku nilisoma kwenye simu makala alizonitajia, kamusi pembeni, sentensi moja nikiirudia mpaka ikubali. Asubuhi nilifanya mazoezi ya swali langu njia nzima, kwa sauti, ili nisije nikaonekana mjinga. Wapita njia walidhani nimeanza kuhubiri.

Kazi ilikuwa hivi. Tulikwenda mbugani kuchukua mpunga pori, ule unaojiotea kwenye madimbwi na kumwaga punje zake kabla mtu hajafika na mundu. Tulichukua pia mpunga wa wakulima. Tuliotesha yote kwenye ndoo, kisha tukaipulizia maji yenye mbegu za kuvu, kuvu yule wa ugonjwa wa blasti. Wakulima wa kwetu hawasemi blasti, husema mpunga umeungua, na wako sahihi, maana ukipigwa sana shamba linafanana na lililopitiwa na moto. Baada ya kupulizia tulifunika kwa nailoni ili unyevu ubaki, tukasubiri. Halafu tunafunua na kusoma majani. Kumbukeni kuchovya mkasi kwenye spiriti kila mnapohama ndoo. Mimi nilichovya mara mbili mbili, na hilo siwashauri. Vidole vyangu havijawahi kurudi vizuri.

Jani lililougua lina doa lenye umbo la jicho, kingo za kahawia, katikati kijivu. Hilo ni rahisi. Lililonishinda ni jani lenye nukta ndogo ndogo za kahawia, kama limenyunyiziwa chai. Nikaliandika kuwa gonjwa. Dokta akalitazama, akafuta.

"Hili ndilo lililoshinda," alisema.

"Lakini limechafuka, Dokta."

"Limechafuka kwa sababu limepigana. Mmea hauna damu ya kupeleka askari huku na huko. Kila seli inajilinda yenyewe. Ikimtambua adui, inajiua pamoja na majirani zake wachache, adui akose chakula. Hiyo nukta ni nyumba iliyojichoma ili kijiji kipone."

Nililitazama jani lile kwa muda mrefu. Maisha yangu yote nilikuwa nikitafuta jani lisilo na doa, na kumbe jani safi kabisa huenda halijakutana na kitu bado.

Kisha likaja swali ambalo sikuweza kulilalia. Katika dimbwi moja la mpunga pori, mimea ikiwa imesongamana na kuguswa na umande uleule, mmoja alimtambua kuvu wetu na mwingine hakumtambua. Tukibadilisha kuvu, mambo yanageuka: aliyeshinda anaugua, mgonjwa wa jana anashinda. Kila mmea ulikuwa na askari wake ndani ya jeni zake, na askari hawakufanana. Nilikuwa nimesoma juu ya uteuzi wa asili, na kusema kweli nilikuwa nimeuelewa kwa namna yangu: ni kinyozi. Unapita mstari kwa mstari ukiwaondoa wabovu. Na kama umepita tangu zamani zote hizo, mbona haujamaliza?

Tulikuwa tumekaa kwenye tuta, tunakula karanga za kuchemsha. Nilikuwa nimefanya mazoezi.

"Dokta, samahani, nina swali la kijinga."

"Uliza. La maana sijazoea kulisikia kutoka kwako."

"Kwa nini uteuzi wa asili haujachagua askari mmoja bora, mimea yote ikawa naye?"

Alimenya karanga, akaangalia upande wa barabara, malori ya mgodi yakipita. "Askari wa getini kule mgodini anamtambuaje mwizi?"

"Labda kwa koti lake. Wameambiwa mwizi ana koti jekundu."

"Mageti yote yameambiwa hivyo?"

"Ndiyo."

"Ungekuwa wewe ndiye mwizi, ungefanyaje?"

"Ningevua koti."

"Na ungepita mageti yote siku moja. Sasa kuna geti moja lenye askari wa ajabu, yeye haangalii koti, anaangalia mwendo. Geti hilo peke yake linapona. Kwenye mimea, kupona ni kuzaa. Watoto wake wanaongezeka, wajukuu wanaongezeka, mpaka mbuga nzima ina askari wa mwendo. Mwizi atafanyaje?"

"Atabadilisha mwendo."

"Na koti?"

"Anaweza kulivaa tena. Hakuna anayeliangalia."

"Isipokuwa?"

"Isipokuwa wale wachache waliobaki na askari wa koti. Sasa wao ndio wanapona."

Alinirushia karanga. "Basi umejijibu. Aliye adimu ana faida, mpaka awe wengi. Akiwa wengi, adui anamjifunza. Uteuzi wa asili hauwamalizi wote ukabaki na mmoja. Unampandisha huyu, unamshusha, unamrudisha yule. Kwa hiyo wote wanabaki."

"Na wale wasio na askari kabisa? Mbona nao wapo?"

"Askari anakula. Mwaka adui asipokuja, aliyemlisha askari bure anazaa kidogo kuliko asiye naye."

Baadaye nilisoma juu ya gugu dogo la nchi za baridi ambalo wataalamu hulipenda, na kwa hilo mambo ni hivyohivyo: wenye askari fulani na wasio naye wameishi pamoja zamani mno, hakuna aliyemmaliza mwenzake. Nilisoma habari hiyo nikiwa nimejifunika blanketi, nikajikuta natokwa machozi. Nawaambia haya kwa sababu hamnijui sana. Niliogopa maisha yangu yote kuwa mtu asiyelingana, na huku nasoma kwamba kutolingana kumelindwa.

Karanga zile sijazipata tena. Zipo Geita, zimejaa sokoni, zinachemshwa vizuri kabisa. Si zile.

Dokta akataka tupande kituoni mpunga wa mkulima ulivyo, bila kuusafisha, tuulinganishe na majaruba yetu ya mbegu moja. Nikatumwa kwa Mama Minza, maana shamba lake lilikuwa na vurugu kuliko yote. Aliniongoza juu ya tuta akiwataja.

"Huyu mrefu ni wa mama mkwe. Wenye ndevu ni wa mama yangu mdogo wa Kahama. Huyu mweusimweusi alikuja na mke mwenzangu, na huyu anayelala lala, ni mvivu, ni wangu mwenyewe, nilikuja naye kutoka kwetu."

Ndipo aliponieleza. Kwao, binti akiolewa huondoka na konzi ya mpunga wa mama yake, punje za kila aina iliyomo shambani, na mama mkwe huimwaga ndani ya mbegu yake. Sijui kama ni desturi ya Wasukuma wote. Nimewauliza watu wa Kahama wakanitazama tu. Kwao ipo.

"Binti akienda mikono mitupu?" niliuliza.

"Atapokelewa. Watu si wanyama. Lakini atalima mpunga wa watu mpaka azeeke."

Alinipa mbegu, na sharti. Kinyozi asiingie. Nikaisia mbegu ile kwenye kitalu, nikaipandikiza jaruba la pembeni, na msimu mzima nilipita pale nimefunga mikono mgongoni kama mzee anayekagua ng'ombe. Mikono iliniwasha. Kuna siku nilizunguka njia ya mbali nisilione.

Kisha ukaja msimu wa manyunyu yasiyoisha, umande mzito, asubuhi za baridi. Mpunga ukaungua. Ulianza kwenye majani ya majirani, ukashuka kwenye shingo za masuke, masuke yakageuka meupe yakiwa hayana kitu ndani. Mashamba ya mbegu moja yalikwisha kabisa. Kila mahali, uliosimama ni mpunga wenye ndevu tu. Katika jaruba la pembeni ilikuwa hivyohivyo: wa mama mkwe umeungua, mvivu ameungua, wa mama mdogo wa Kahama umesimama wima kama hakuna kilichotokea.

Majirani wakaja na mifuko. Kila mtu alitaka wenye ndevu. Nami nikafurahi, nawaambia ukweli, nikaenda kwa Mama Minza nikiwa nimejiandaa njia nzima. Nilimwambia sasa tuchukue mbegu za wenye ndevu peke yake, hata kwenye jaruba lile, walioungua tuwaache.

"Tuwaache?"

"Si wamekufa, Mama Minza. Wachache waliopona wana punje dhaifu."

"Chukua hizohizo dhaifu. Mama mkwe wangu akija hapa akaukosa mpunga wake, utamjibu wewe?"

"Si alishafariki?"

"Ndiyo maana. Angekuwa hai ningemdanganya."

Wanawake wa kikundi walicheka mpaka wakakaa. Nikaokota punje za walioungua, moja moja, nikiona aibu kama mtu anayeokota mabaki ya karamu. Dokta Kabula aliniletea bahasha za kaki tu.

Msimu uliofuata mbuga yote ilikuwa na ndevu. Ilipendeza, siwezi kukataa; upepo ukipita ilikuwa kama manyoya ya mnyama mmoja mkubwa. Watu walivuna, wakasahau mingine. Msimu wa baada ya huo manyunyu yakarudi, na wenye ndevu ndio walioungua. Kuvu alikuwa amevua koti. Nilikimbia kwenye jaruba la pembeni bila mabuti. Wa mama mdogo ulikuwa mweupe mfu. Wa mama mkwe ulikuwa na nukta ndogo za kahawia, kama umenyunyiziwa chai, na masuke yake yameinama kwa uzito.

Dokta alikuja akachuchumaa pale muda mrefu. Alikuwa amesubiri jambo hilo tangu aanze kusoma, na lilipofika hakuweza kulifurahia, kwa sababu ng'ambo ya tuta jirani yetu alikuwa ameketi katikati ya shamba lake jeupe, kofia magotini. Tulikwenda kumpa pole kwanza. Ripoti ilingoja. Kama mna jambo moja la kujifunza kwa Dokta, ni mpangilio huo.

Mradi wake ulipokwisha alihamia pwani. Siku hizi hunitumia ujumbe wa sauti, nami nausikiliza hadi pale anapokohoa au kucheka, kisha narudia. Aliniachia kioo chake kikubwa na jaruba la pembeni. Watu wa kituo walinibakisha kulitunza kwa sababu hawakujua wanipeleke wapi kwingine.

Kisha mvua ikakataa. Mwaka ule mnaukumbuka hata kama mlikuwa shule. Vitalu vilikauka vikiwa vya kijani, ng'ombe walipelekwa mbali, wachimbaji wenyewe walikosa wali. Siku moja asubuhi Mama Minza alikuja kituoni. Sauti yake ilikuwa ndogo, na mimi sikuwahi kujua kwamba ana sauti ndogo.

"Mwangaluka, Kinyozi."

"Mwangaluka, mama."

"Mbegu tumekula."

Alitazama mbugani. "Wajukuu hawawezi kuambiwa hii ni mbegu. Nimeipika yote. Ilikuwa tamu, usiniulize." Halafu akasema, "Minza amechumbiwa. Bukombe. Wanasubiri mavuno mazuri, ndipo waje."

Hakuniomba kitu. Stoo tulikuwa na mfuko wa jaruba la pembeni, kilichobaki baada ya majaribio, na tukautoa pamoja mezani. Aliwapanga kwa kidole: mama mkwe yupo, mama mdogo yupo, mke mwenza yupo. Alimtafuta mvivu wake muda mrefu. Alipompata alimshika kiganjani, akafumba mkono.

"Ng'wanawane," alisema, yaani mwanangu, mara ya kwanza na ya pekee aliyowahi kuniita hivyo, "usiwanyoe hawa."

Mvua iliporudi nilisia mbegu ile. Nilifanya kila kitu mara mbili. Nilifunga kamba na makopo kuzuia ndege wa kwelea, nikawa nakimbia kuzunguka tuta nikipiga makelele mpaka wachimbaji waliopita barabarani wakaniuliza kama nimepata duara, shimo la dhahabu, mle. Kila jioni nilihesabu aina, si mimea. Zote zilikuwepo. Minza mwenyewe alikuwa akija kutazama, msichana mrefu mwenye aibu, akisingizia kwamba anapita tu. Tuta lile halimpeleki mtu popote.

Na kifua changu kikafunga. Kilikuwa kimeanza kidogo kidogo misimu ya nyuma, wakati wa kupura na kupepeta, nikidhani ni mafua. Safari hii nilishindwa kupanda ngazi tatu za ofisi. Hospitalini Kahama daktari alisikiliza mgongo, akaangalia picha.

"Unafanya kazi duarani?"

"Hapana."

"Kwenye karasha la kusagia mawe?"

"Hapana, daktari. Mpunga."

"Mpunga," alirudia, kama vile namficha kitu. Ukanda huu mapafu ya watu huliwa na vumbi la dhahabu. Yangu yameliwa na pumba. Akasema nisivune msimu ule, wala mwingine wowote.

Niliondoka masuke yakiwa bado ya kijani. Nimewahi kuwaambia wengine kwamba nililiaga jaruba vizuri. Sikuliaga. Nilipita upande wa pili wa barabara, kitambaa mdomoni, nikalitazama jaruba kutoka kwenye kalavati mpaka gari likapiga honi. Mvivu alikuwa ameshaanza kulala.

Mlivuna ninyi. Mlinipigia, simu ikiwa inapokezanwa, kila mmoja anapiga kelele. "Kaka, tumevuna!" Nikauliza wa mama mkwe. Yupo. Wenye ndevu? Wapo. Mvivu? Mkaulizana, mmoja akasema, "Kuna mmoja tumemwokota kwenye matope." Huyohuyo. Niliketi sakafuni dukani, mteja akingoja kalamu. Mlipeleka konzi kwa Mama Minza, na Minza akaondoka nayo kwenda Bukombe, imefungwa kwenye kona ya kitenge. Nashukuru. Sikuwahi kuwashukuru ipasavyo, kwa kuwa nilitaka kwanza nipate maneno yasiyo na kosa.

Wiki hii Mama Minza amekuja Geita. Alikuwa ametoka kumtembelea binti yake, akaunganisha basi. Aliingia dukani akiwa na mfuko wa nailoni angavu, umezungushiwa selotepu kama mzigo wa posta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usifungue. Nimeufunga vizuri, vumbi halitoki. Utazame tu."

Ndani kulikuwa na masuke. Niliuinua dirishani. Mama mkwe. Mama mdogo wa Kahama na ndevu zake. Mke mwenza mweusi. Mvivu, amejikunja chini kabisa. Na mmoja nisiyemjua: suke fupi, punje za duara, shina la zambarau.

"Huyu nani?"

"Wa mama mkwe wa Minza. Konzi ikienda, konzi inarudi. Sikukuambia?"

"Hukuniambia."

"Basi nimekuambia. Mbegu yake nimeshaipeleka kituoni, wale vijana wako walikuwa wanakunywa chai. Nimeichanganya humohumo kwenye mfuko wa jaruba la pembeni. Hawakuniona."

"Mama Minza! Mfuko wa kituo?"

"Mfuko wa nani?" Akacheka kwa ile sauti yake yenyewe, ya kuvuka mbuga, mpaka bodaboda nje wakageuka. Alikunywa soda, akaniuliza kama nimepata mchumba, nikamwambia sijapata, akasema na mimi nisafishwe kidogo kama jaruba la mbegu, kisha akakimbilia basi la Kahama.

Mfuko nimeutundika ukutani, karibu na saa yenu. Jirani akianza kupepeta nafunga dirisha na kuutazama. Harufu haitoki. Nimeweka pua kwenye nailoni, nakiri, zaidi ya mara moja.

Mfanye mnavyotaka na majaruba mengine. Yapigeni wembe, yanyoosheni, mimi nitawapenda. Lakini mwezi wa pili au wa tatu, mkipita karibu na kalavati, mtamwona: mfupi, shina la zambarau, hafanani na yeyote. Sijui anamtambua adui gani. Huenda hamtambui yeyote bado. Atawakera. Mkono utakwenda wenyewe.

Msimng'oe.